Gmail ya Karani, Kikoa cha Shemeji: Kisa cha Duka la Ngamiani

Duka lenyewe liko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazotajwa kwa namba. Linauza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, bati, mabomba, rangi, misumari ya kupimwa kwa kilo. Mwenye mali ni mzee anayefahamika na mafundi wengi wa mji. Hesabu zinaangaliwa na binti yake, na kaunta anakaa karani kijana. Wateja wao wakubwa ni mafundi, wa hapa mjini na wa Muheza na Pangani, na wengi huchukua mzigo kwa mali kauli, wakalipa mwenye nyumba akishawalipa. Kwa hiyo kitu cha thamani kuliko vyote dukani hakikai rafuni. Ni daftari la madeni: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini, simu yake, na nani alimdhamini.

Daftari hilo lilihamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ndogo ya vijana wa Kitanzania, wenye ofisi Dar es Salaam na wakala hapa Tanga. Ni mfumo mzuri, na nasema hivyo mapema kwa sababu kisa hiki hakihusu watu wazembe. Unaandika mauzo, unatunza bei ya kununulia na ya kuuzia, unahesabu stoo, unakumbusha madeni. Unajaribiwa bure kwa siku 14, kisha unalipiwa kwa mwezi kwa simu. Hata hivyo, daftari la madeni la mzee lilikuja kusomwa na mtu wa kampuni nyingine kabisa, asiyejua hata duka lilipo, wala hakuna aliyeiba neno la siri la mtu yeyote. Mlango ulifunguliwa na kisanduku kimoja cha fomu ya kujisajili, kile cha barua pepe.

Fomu ilivyokataa

Aliyetumwa kujisajili ni karani. Aliandika anwani yake ya Gmail. Fomu ikamjibu kwa maandishi mekundu: “Tafadhali tumia barua pepe ya kazini.” Akajaribu ya Yahoo, ya binti wa mzee. Jibu likawa lile lile.

Duka halikuwa na barua pepe ya kazini kwa maana iliyotakiwa na fomu. Lilikuwa na ya karani, ya binti, na nyingine ya tatu iliyofunguliwa na kijana wa steshenari siku jina la biashara lilipopelekwa kusajiliwa BRELA kwa mtandao. Hiyo ya tatu hakuna aliyekumbuka neno lake la siri, na namba ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kuirejesha ilikuwa ya yule kijana wa steshenari. Anayewajua wafanyabiashara wa Tanga ataona hapo hali ya maduka mengi sana, wala si ya hili peke yake.

Karani akampigia shemeji yake, ambaye ni mfanyakazi wa wakala wa forodha jirani na bandari.

“Shemeji, niazime anwani yako ya ofisini, kuna kitu cha duka nataka kujisajili.”

“Tumia tu, shemeji. Wakileta namba ya uhakiki nitakurushia WhatsApp.”

Namba ikaja, ikarushwa, akaunti ikafunguka. Karani akaandika jina la duka, akampa mzee taarifa kwamba tayari. “Ahsante mwanangu,” mzee akasema, na kazi ya kuingiza mzigo ikaanza.

Kilichotokea ndani ya mfumo hakuna aliyekiona. Watengenezaji walikuwa wameweka utaratibu kwamba mtu wa kwanza kutoka kikoa fulani, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, anafungua akaunti ya kampuni yake, na yeyote atakayekuja baadaye na kikoa kile kile anakaribishwa moja kwa moja kuungana na wenzake. Jina lililoonekana kwenye skrini lilikuwa la duka. Kikoa kilichoshikilia akaunti kilikuwa cha watu wa forodha.

Miezi ikapita. Ofisi ya forodha nayo ikawa inatafuta mfumo wa kutunza ankara zake, na mhasibu wao akajisajili kwa anwani yake ya ofisini. Skrini ikamwambia kampuni yake tayari ina akaunti, abonyeze aungane nayo. Akabonyeza. Mbele yake zikaja nondo za milimita 12, bei ambayo mzee hununulia saruji kwa jumla, na orodha ndefu ya majina asiyoyajua, kila jina na deni lake na simu yake. Ni mtu mwadilifu. Hakuendelea kuperuzi, akamwuliza shemeji, shemeji akampigia karani, na karani akamwendea binti wa mzee. Binti akanipigia mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wa hapa kupanga mifumo yao.

“Kaka, kuna watu wa bandarini wanaona madeni ya baba.”

Nataka msomaji akae kidogo kwenye sentensi hiyo, kwa sababu watu wa kompyuta huwa wanaipita haraka. Bei ya kununulia ikivuja, duka linapoteza faida ya siri kwa mshindani, na hiyo ni hasara ya kibiashara, inahesabika. Deni la fundi ni jambo jingine. Fundi huchelewa kulipa dukani kwa sababu mwenye nyumba amechelewa kumlipa yeye. Likisikika mjini kwamba fulani anadaiwa Ngamiani, mwenye nyumba anayefuata anaogopa kumkabidhi hela ya vifaa. Tanga ni mji wa kujuana: mhasibu wa forodha anaweza kuwa anajenga Pongwe, na fundi wake akawa yumo kwenye orodha ile. Fundi huyo hajawahi kujisajili popote. Hajui kama mfumo upo. Yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote waliohusika, na ndiye pekee ambaye hakuna aliyemfikiria wakati fomu inaandikwa.

Sababu za kampuni

Nilizungumza na kiongozi wa ile kampuni, nikamwomba anieleze kwa nini walikataa Gmail. Hakujitetea kwa maneno matupu, alikuwa na sababu, na zote zilitokana na maumivu ya kweli.

Kwanza, watu walikuwa wanakula majaribio ya bure bila kikomo. Siku 14 zikiisha, mtu anafungua akaunti nyingine. Hata hahitaji anwani mpya, maana Gmail haizingatii nukta zilizo kabla ya alama ya @: anwani yenye nukta na isiyo na nukta huingia sanduku moja, na ukiongeza alama ya kujumlisha na neno lolote mbele yake bado barua zinafika pale pale. Mfumo wao uliziona kama watu tofauti. Pili, vijana wa mauzo walikuwa wanapoteza siku nzima kuwapigia watu waliojisajili kwa udadisi tu. Tatu, ripoti za kila mwezi zilitakiwa zioneshe kampuni ngapi zimejiunga, na anwani ya kampuni ilionekana ni ushahidi rahisi.

Dawa waliyoichukua imetoka mbali. Marekani na Ulaya, kampuni nyingi hulipia Google Workspace au Microsoft 365, na kila mfanyakazi anapewa anwani yenye kikoa cha mwajiri. Anwani za bure, kuanzia Hotmail mwaka 1996 hadi Gmail iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2004, huko zilibaki kuwa za nyumbani. Muuzaji wa programu akiona Gmail kwenye fomu anadhani ni mwanafunzi, au mshindani anayechungulia. Dhana hiyo inakosea hata huko mara kadhaa, lakini ina msingi.

Hapa kwetu msingi huo haupo. Gmail imeingia mifukoni mwa watu kwa sababu simu ya Android inakudai akaunti ya Google ndipo uchukue programu kwenye Play Store. Mwenye duka la jumla, mwenye malori ya machungwa ya Muheza, mwenye kiwanda kidogo cha samani, wote wanafanya biashara kwa simu na WhatsApp, wanapokea hela kwa mitandao ya simu, na barua pepe wanaikumbuka pale fomu fulani ya serikali au ya benki inapoidai. Wakala wa forodha, kwa upande wake, ana kikoa chake kwa kuwa kila siku anaandikiana na kampuni za meli za nje, na huko asiye na kikoa haaminiki. Ukiwaweka wawili hao mezani, mzee wa Ngamiani anaweza kuwa anazungusha hela nyingi kuliko ofisi ile ya forodha, na fomu ingemfukuza yeye. Kikoa kinakuonesha mtu anaandikiana na nani. Ukubwa wa biashara yake, wala kuwepo kwake, hakikuoneshi.

Nilimwomba kiongozi yule tufungue orodha ya wateja wao wanaolipa, wale wa zamani hasa, waliojiunga kabla ya kizuizi kuwekwa. Alipoipitia mwenyewe hakuhitaji niseme zaidi. Waaminifu wake wakubwa walikuwa watu wa Gmail. Kisha tukafungua orodha ya waliojiunga baada ya kizuizi. Humo tukakuta maduka yenye anwani za shule, za hospitali, za ofisi za mikoani, na anwani za info@ ambazo zilifunguliwa kwa ajili ya siku moja. Karani wetu alikuwa mmoja kati ya wengi. Kizuizi hakikuwazuia wadanganyifu. Kiliwafundisha waaminifu kuazima vitambulisho vya watu wengine.

Maswali matatu kwenye kisanduku kimoja

Ninavyoliona jambo hili, kosa halikuanzia kwenye kukataa Gmail. Lilianzia kwenye kuliuliza sanduku la barua pepe maswali matatu kwa pamoja. Nitakufikiaje? Wewe ni nani? Unazungumza kwa niaba ya biashara ipi? Anwani inaweza kujibu la kwanza vizuri, tena ikishathibitishwa kwa namba ya uhakiki. La pili inalijibu nusu. La tatu hailijibu kabisa, na mfumo ukiilazimisha ijibu, majibu yake yatakuwa kama yale ya shemeji.

Kuna wanaosema kikoa cha kampuni angalau ni salama zaidi. Hilo nalipinga. Kikoa cha co.tz, kama vikoa vingi duniani, hulipiwa kwa kipindi, na kisipolipiwa kinarudi sokoni na mtu mwingine anaweza kukisajili. Januari 2025 mtafiti Dylan Ayrey wa Truffle Security alionesha hatari hiyo waziwazi: ukinunua kikoa cha kampuni iliyokufa, ukaunda upya anwani za wafanyakazi wake wa zamani, unaweza kuingia kwenye programu walizokuwa wakizitumia kwa kitufe cha kuingia kwa Google, maana programu nyingi zinatazama kikoa na anwani tu. Biashara za kwetu hufunguka na kufungwa, hugawanywa mirathi, huhamishwa jina. Kikoa kilichosahaulika ni jambo la kawaida.

Anwani binafsi nazo zina udhaifu wake, na haki inataka niuseme. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kuachia majina ya akaunti zilizokaa bila kutumiwa kwa mwaka mzima au zaidi ili watu wengine wayachukue, na baadhi ya waliochukua wakaanza kupata barua za wenyewe wa zamani. Google haigawi upya anwani ya Gmail iliyofutwa, lakini mwaka 2023 ilitangaza kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Ile ya steshenari, iliyoshika usajili wa jina la duka, imo katika hatari hiyo. Nilimwambia binti aishughulikie kabla ya jambo jingine lolote.

Kwa hiyo anwani yoyote, ya nyumbani au ya ofisini, ni njia ya kumfikia mtu kwa wakati huu. Kuifanya iwe mzizi wa umiliki ni kujenga juu ya kitu kinachohama.

Kuchanganya ya kazi na ya binafsi kumewasumbua hata wakubwa. Mwaka 2016 Microsoft ilizuia watu kufungua akaunti binafsi za Microsoft kwa kutumia anwani za kazini zilizokuwa tayari kwenye mfumo wake wa mashirika, kwa kuwa anwani moja ilikuwa ikibeba akaunti mbili, moja ya mtu na moja ya mwajiri, na watumiaji hawakujua wanaingia ipi. Wao walikataa anwani ya kazini kwenye akaunti ya nyumbani. Vijana wetu walikataa ya nyumbani kwenye akaunti ya kazi.

Kilichobadilishwa

Jambo la kwanza halikuwa la kujadiliwa: kuungana moja kwa moja kwa sababu ya kikoa kulizimwa usiku ule ule kwa wateja wote. Kuanzia hapo mtu anaingia kwenye akaunti ya biashara kwa mwaliko uliotumwa na mwenye akaunti, basi. Kampuni yenye wafanyakazi wengi ikitaka utaratibu wa zamani, inathibitisha kwanza kwamba kikoa ni chake kwa kuweka rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi ambao mwenye kikoa pekee ndiye anayeweza kuuongeza, kwenye mipangilio ya kikoa hicho, kisha mmiliki anawasha mwenyewe. Kupokea barua kwenye anwani moja ya kikoa hakuthibitishi kwamba kikoa ni chako. Shemeji alikuwa anapokea barua pale kila siku.

Wakati wa kuzima tuligundua kitu kilichonitisha kuliko kisa chenyewe. Kabla ya kizuizi kuwekwa, utaratibu ule wa kuunganisha watu kwa kikoa ulikuwa unategemea orodha fupi ya watoa huduma wa bure, iliyoandikwa kwa mkono: gmail, yahoo, hotmail. Outlook haikuwemo. Wala iCloud. Watu wawili wasiojuana wenye anwani za Outlook wangeweza kukaribishwa kwenye akaunti moja kana kwamba ni wafanyakazi wenza. Orodha za watoa huduma hao zipo wazi kwenye mtandao, zina majina maelfu, na bado hazikamiliki. Mwenye kutengeneza mfumo asiweke usalama wa wateja wake juu ya orodha ambayo kila mwezi inapungukiwa.

Kisha ukaja muundo. Ndani ya mfumo mtu na biashara vikatenganishwa. Mtu ana akaunti yake, anaingia kwa anwani yoyote anayoitumia kila siku. Biashara ina akaunti yake, na watu wanaunganishwa nayo kwa nafasi: mmiliki, mhasibu, muuzaji. Karani akiacha kazi, anaondolewa kwenye biashara, na Gmail yake inabaki kuwa yake bila kuguswa. Mfumo unamhimiza kila mwenye biashara aweke wamiliki wawili, na kwa duka letu wamekuwa mzee na binti. Mzee hataki kushika kompyuta, lakini namba yake ya simu sasa imo, na hakuna anayeweza kuhamisha umiliki bila yeye kupata meseji.

Kwa wanaoingia kwa kitufe cha Google, mtumiaji anatambulishwa kwa namba ya kudumu ambayo Google huituma pamoja na anwani. Google yenyewe inaelekeza watengenezaji watumie namba hiyo, kwa kuwa anwani inaweza kubadilika. Katika taarifa hiyo hiyo huwemo alama ya kikoa pale akaunti inapokuwa ya taasisi iliyo kwenye Google Workspace, na Gmail ya kawaida haina alama hiyo. Kampuni ikitaka kujua mteja yupi ni wa aina ipi kwa ajili ya ripoti zake, hapo inajua bila kumfukuza mtu.

Kuhusu wanaokula majaribio ya bure tulibishana sana. Kiongozi alitaka aombe TIN, yaani namba ya mlipakodi, ukurasa wa kwanza. Nilimkatalia. Karani aliyetumwa kujaribu mfumo hana TIN ya bosi mkononi, na hata akiwa nayo si sahihi aitoe kwa mtu ambaye duka halijaamua kufanya naye kazi. Tulichokubaliana ni kwamba majaribio yanahesabiwa kwa namba ya simu iliyothibitishwa kwa meseji. Laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo kupata laini mpya kila wiki mbili ni usumbufu unaotosha kumchosha mtu. Nukta na alama za kujumlisha za Gmail zinaondolewa pale tu mfumo unapolinganisha anwani kutafuta marudio. Anwani aliyoiandika mtu inabaki kama alivyoiandika, na kanuni ya nukta haigusi watoa huduma wengine, maana kwao nukta inaweza kuwa mtu tofauti kabisa. TIN na jina lililosajiliwa vinaombwa wakati wa kulipa, kwa ajili ya risiti, mahali ambapo mteja mwenyewe anavitaka viwepo.

Umiliki ukigombaniwa, na utagombaniwa, maana ndugu hukosana na makarani huondoka kwa hasira, kampuni inataka leseni ya biashara na cheti cha TIN, inatuma taarifa kwa anwani na simu zote zilizopo kwenye akaunti, na inasubiri siku kadhaa kabla ya kuhamisha. Kijana wa huduma kwa wateja haruhusiwi kubadilisha anwani ya mmiliki kwa sababu mtu amempigia akijua jina la duka.

Sheria, na mzee

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa lugha ya sheria hiyo duka ni mkusanyaji: ndilo lililochukua majina na madeni ya mafundi kwa shughuli zake. Kampuni ya mfumo ni mchakataji, inayozitunza kwa niaba ya duka. Wenye maduka wengi husikia habari ya taarifa binafsi wakadhani inawahusu wenye mitandao mikubwa. Inamhusu pia mwenye daftari la mali kauli. Usalama ukivunjwa, mchakataji hawezi kunyamaza akalitengeneza tatizo kimyakimya, na mkusanyaji naye ana wajibu kwa Tume. Kampuni ilimwandikia binti barua rasmi ikieleza ni nani aliingia, lini, na kurasa zipi zilifunguliwa. Kumbukumbu za mfumo zilikuwepo, na hilo lilisaidia sana: mhasibu wa forodha alifungua kurasa mbili, ya bidhaa na ya madeni, akatoka.

Anwani zenyewe nazo ni taarifa binafsi. Gmail ya karani ilitolewa ili aingie kwenye mfumo. Haikutolewa ili vijana wa mauzo wamtumie matangazo kila Ijumaa, wala ili ikabidhiwe kwa kampuni rafiki inayouza mashine za risiti. Nimeweka mkazo hapa kwa sababu mtu anapoacha kukataa anwani binafsi, anajikuta ameshika maelfu ya anwani za watu, na tamaa ya kuzitumia huja haraka. Kampuni imeweka kisanduku tofauti cha matangazo, na kinaanza kikiwa hakijachaguliwa.

Tulipofika kwenye swali la kuwaambia mafundi, binti alisita. Aliogopa watahama wakanunue kwingine. Tukaenda kumwuliza mzee, na nilimweleza bila kuficha kitu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia.” Akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia binti yake. “Waambieni. Fundi akijua deni lake limesomwa, alisikie kwangu, asilisikie kijiweni. Na huyo bwana wa forodha nipeni namba yake, nimshukuru.”

Mafundi walipigiwa simu mmoja mmoja. Wapo waliokasirika, na mmoja alikuja dukani akataka aoneshwe jina lake lilivyoandikwa. Alioneshwa, kama ilivyo haki yake, akakuta deni alilokwisha kulipa bado limo. Likafutwa mbele yake.

Karani hakufukuzwa. Nilimwombea, japo mzee hakuwa na nia hiyo. Alikutana na fomu iliyokataa ukweli wake, akatafuta njia kama ambavyo mtu yeyote mwenye kazi ya kumaliza angetafuta.

Binti aliniuliza kama sasa wanunue kikoa chao cha co.tz. Nilimshauri wanunue pale watakapokuwa na matumizi nacho, kwa mfano wakitaka kuuza kwa wakandarasi wa mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani, ambako zabuni na ankara hupita kwa barua pepe. Wakikinunua, kisajiliwe kwa jina la biashara, kisiwe kwa jina la fundi kompyuta, na tarehe ya kukilipia iandikwe pale pale inapoandikwa tarehe ya leseni. Kwa mfumo wa stoo hawakihitaji.

Kampuni imefungua fomu yake kwa anwani zote, na inapitia akaunti za zamani ambazo kikoa chake hakifanani na jina la biashara. Wenye simu zinazopatikana wanaombwa waweke anwani zao wenyewe. Zile ambazo simu haipatikani na anwani ni ya kuazima, wakala wa Tanga anazifuata duka kwa duka, na hakuna inayofutwa kabla mwenyewe hajapatikana. Kuna jambo moja ambalo hatujakubaliana. Juu ya kisanduku bado pameandikwa “barua pepe ya kazini”, ingawa sasa kinapokea yoyote. Wao wanasema ni pendekezo tu, haliumizi mtu. Mimi nataka yaandikwe maneno haya: “barua pepe unayoifungua mara kwa mara”. Karani akisoma yale ya kwanza atampigia shemeji. Akisoma ya pili ataandika yake. Tunakutana tena na wabunifu wao wiki ijayo kuhusu mstari huo.